Sanduku la buluu kwenye mizani ya Mariakani: Usivunje kompyuta kuukuu kabla ya kujua ni nini

Mariakani ni mji wa mizani. Malori yanayotoka bandarini Mombasa kuelekea Nairobi, Kampala na kwingineko hupita hapa na kupimwa uzani kabla ya kuendelea na safari. Lakini kuna mizani nyingine mjini humu, ndogo na zenye kutu, ambazo hazina habari na malori. Hizo hupima vyuma chakavu: mabati, fremu za baiskeli, injini zilizokufa na, siku hizi, kompyuta.

Kwenye moja ya mizani hizo ndipo nilipolikuta sanduku la buluu.

Aliyelileta ni kijana wa rika langu, anayezunguka na mkokoteni akitafuta skrapu. Alisema alilipata pamoja na viti vibovu na mashine mbovu ya fotokopi kutoka ofisi moja iliyokuwa ikihama. Mzee mwenye yadi alilirusha kwenye mizani: kilo saba na kidogo. Akataja bei yake. Kijana akashika nyundo, maana ukitenganisha plastiki, shaba na aluminiamu, bei hupanda kiasi.

“Subiri kwanza, kaka,” nikamwambia. “Hebu nisome kilichoandikwa hapo.”

Nilifuta vumbi kwa kiganja. Herufi zilizofifia zikajitokeza: Silicon Graphics. Pembeni yake, neno moja fupi: Indy.

“Kwani ni dhahabu?” akauliza kijana, nyundo ikiwa bado mkononi.

Si dhahabu. Lakini ukinipa dakika kumi, msomaji, nitakueleza kwa nini nilimwomba aiweke ile nyundo chini.

Kompyuta ya kazi nzito

Indy ni wokstesheni. Zamani neno hilo lilikuwa na uzito wake: kompyuta ya mezani ya mtu mmoja, ila yenye nguvu ya kufanya kazi zilizozishinda kompyuta za kawaida. Kazi kama kuchora ndege kabla haijaundwa, kutengeneza filamu za katuni, au kuchambua picha za setilaiti.

Nyingi ya mashine hizi ziliendeshwa kwa Unix, mfumo uliozaliwa katika maabara za Bell Labs kule Marekani mwaka 1969. Kila kampuni ilikuwa na Unix yake. Sun Microsystems ilikuwa na SunOS na baadaye Solaris, Hewlett-Packard ilikuwa na HP-UX, IBM ilikuwa na AIX, na Silicon Graphics, au SGI kwa ufupi, ilikuwa na IRIX. Na si programu tu. SGI na Sun zilibuni hadi bodi na chipu za grafiki zao wenyewe. Hukuweza kung'oa kipande cha moja ukakipachika kwa nyingine kama tunavyofanya leo na kompyuta za Luthuli Avenue.

Indy ilitoka mwaka 1993 na ndiyo iliyokuwa mashine ya “bei nafuu” ya SGI. Nafuu kwa nani? Bei ya kuanzia ilikuwa dola 4,995. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha takriban Sh129 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh640,000, na hapo hatujagusa habari ya mfumuko wa bei tangu wakati huo. Mashine kubwa za kampuni hiyo, kama Onyx, zilipita dola 100,000 kirahisi.

Kwa pesa hizo ulipata nini? Chipu ya MIPS ya biti 64 yenye kasi ya megahezi 100. RAM ya megabaiti 16, ambayo ungeweza kuiongeza hadi 256. Sehemu za kuingiza sauti na video. Na kitu kilichowashangaza watu wakati ule: kamera ndogo ya kuweka juu ya skrini, iliyoitwa IndyCam. Hiyo ni 1993, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kabla mtu yeyote hajaota kumpigia shosho simu ya video.

Si kwamba ilikuwa kamilifu. Zile zilizouzwa na megabaiti 16 zilikuwa zikijikokota, hadi watani wakasema Indy ni Indigo iliyotolewa “go”. Indigo ilikuwa dada yake mkubwa, na “go”, kama unavyojua, ndiyo kwenda.

Foleni ya pointi

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini mashine hizi zilikuwa spesheli?

Picha ya pande tatu ndani ya kompyuta si picha. Ni orodha ndefu ya pointi, kila moja ikiwa na namba zake za mahali ilipo: kushoto au kulia, juu au chini, karibu au mbali. Ukitaka gari ligeuke kwenye skrini, lazima kila pointi ya gari hilo ipigiwe hesabu upya. Pointi ziko maelfu, na jicho lako linataka picha mpya mara nyingi kwa sekunde. Kompyuta ya kawaida ya miaka ya themanini ilipopewa kazi hiyo, ilisongwa pumzi.

Mwanzoni mwa miaka hiyo, Jim Clark, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Stanford, alibuni pamoja na wanafunzi wake chipu moja kwa ajili ya kazi hiyo tu. Waliiita Geometry Engine, yaani injini ya jiometri. Kisha akaondoka na baadhi yao wakaanzisha SGI.

Ili uelewe ilivyofanya kazi, fikiria foleni ya malori hapa Mariakani. Lori moja likiwa kwenye mizani, la nyuma yake linasogea, na la mbele tayari linakaguliwa karatasi. Hakuna anayesubiri lori moja limalize kila kitu ndipo la pili lianze. Kila kituo kina kazi yake, na foleni haisimami.

Ndivyo zilivyopangwa zile chipu. Katika mpango wa kwanza zilikuwa 12, zote za aina moja, zimepangwa mstari mmoja. Nne za kwanza ziligeuza na kusogeza pointi. Sita zilizofuata zilikata kila kilichotoka nje ya kile unachoweza kuona. Kwa nini sita? Kwa sababu eneo la kuonekana lina pande sita: kushoto, kulia, juu, chini, mbele na nyuma. Kila chipu ililinda upande wake kama askari wa geti. Mbili za mwisho zilipima pointi zilizobaki ziingie sawasawa kwenye skrini. Baada ya hapo chipu nyingine zilijaza rangi, nukta kwa nukta, zikikumbuka ni kitu gani kiko mbele na kipi kimefichwa nyuma.

Haki isemwe: si kila Indy ilikuwa na injini hizo. Za daraja la chini, zilizoitwa XL, ziliiachia chipu kuu ipige hesabu za jiometri. Zilizoitwa XZ zilikuwa na injini nne. Hii yetu ya Mariakani ni ya chini, ina bodi moja tu ya grafiki.

Dinosau, Mario na anga la Malindi

Pengine hujawahi kuona mashine hizi, lakini kazi zake umeziona.

Dinosau wa filamu ya Jurassic Park ya 1993, wale waliotengenezwa kwa kompyuta, walitengenezwa kwa mashine za SGI. Hata ndani ya filamu yenyewe kuna binti anayekaa mbele ya kompyuta, anatambua kuwa ni Unix, kisha anapapasa kati ya majengo ya pande tatu akitafuta namna ya kufunga milango. Watu wengi hudhani ile skrini ilikuwa ya kubuni. Haikuwa. Ilikuwa programu halisi ya SGI ya kuonyesha mafaili.

Toy Story ya 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilipitia mashine 117 za Sun aina ya SPARCstation 20. Kazi yake ilikuwa kupika picha za mwisho, moja baada ya nyingine, zaidi ya picha 110,000. Zilifanya kazi usiku na mchana kwa sababu picha moja tu ingeweza kuchukua saa nyingi.

Wapenzi wa gemu nao wana lao hapa. Nintendo 64, iliyotoka 1996 na Super Mario 64, ilitumia chipu za grafiki zilizobuniwa na SGI. Na kabla ya mashine hiyo kufika madukani, watengenezaji wa gemu walipewa bodi maalum ya kupachika ndani ya kompyuta ili wajaribu kazi zao. Kompyuta yenyewe ni ipi? Indy. Sanduku kama hilihili lililopandishwa mizani kama fremu ya baiskeli.

Na usidhani pwani yetu ilikuwa mbali na mambo haya. Panda matatu uende Malindi, kisha usogee kidogo hadi Ngomeni. Baharini kuna majukwaa ya San Marco, ambako Desemba 12, 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Ilipewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka hapo 1988, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea mawimbi kutoka angani.

Mwaka 1996 ilirushwa BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, na data zake zilishushwa Malindi kila ilipopita juu ya kituo hicho, kisha zikapelekwa Roma. Februari 1997 data hizo ziliwasaidia wanasayansi kupata, kwa mara ya kwanza, mahali hasa ulipotokea mlipuko wa miale ya gama, fumbo lililokuwa limewasumbua tangu miaka ya sitini. Katika muongo huo wokstesheni za Unix ndizo zilizokuwa jembe la mwanaanga duniani kote. Kwa hivyo enzi ya sanduku hili si hadithi ya Hollywood peke yake. Sehemu yake ilipitia kaunti hii hii ya Kilifi.

Zimezikwa mfukoni mwako

Basi zilikufaje? Ziliuawa na bei.

Kufikia katikati ya miaka ya tisini, kompyuta za kawaida zilikuwa zimepata chipu kali, na wakazuka watu waliouza kadi za grafiki za 3D kwa dola mia chache. Na wengi wa watu hao walitoka wapi? Waanzilishi wa 3dfx, waliotoa kadi ya Voodoo mwaka 1996, walikuwa wamefanya kazi SGI. Wawili kati ya waanzilishi watatu wa Nvidia, Chris Malachowsky na Curtis Priem, walitoka Sun, ambako walikuwa wakibuni chipu za grafiki za wokstesheni. Ndiyo, Nvidia hii hii ambayo chipu zake leo zinaendesha akili bandia.

SGI iliomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika mwaka 2006, na tena 2009 ikauzwa. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. IRIX haikupata toleo jipya baada ya 2006.

Lakini angalia simu yako. SGI iliyatoa maagizo yake ya kuchora mwaka 1992 kwa jina OpenGL, ili kampuni yoyote iweze kuyatumia. Mtoto wake, OpenGL ES, yumo ndani ya simu za Android. Gemu nyingi unazocheza ukiwa stejini ukisubiri matatu zimemtumia huyo. Ile foleni ya pointi bado ipo: geuza, kata, pima, jaza rangi. Tofauti ni kwamba imeshonwa ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha. Na ikiwa simu yako ina RAM ya gigabaiti nne, inaizidi Indy iliyojazwa hadi pomoni mara 16.

Tulipoifungua

Tulimbembeleza mzee wa yadi, nikaacha kitu kidogo kama amana, tukalibeba sanduku hadi kibanda cha dada mmoja fundi wa simu. Yeye hakuwa amewahi kuiona mashine kama hii, lakini bodi ni bodi.

Tulivua kifuniko. Kwanza vumbi. Baada ya vumbi, mpangilio uliomfanya dada anyamaze kidogo: nafasi nane za RAM, zinazojazwa nne nne; chipu kuu ikiwa kwenye kibodi chake chenyewe unachoweza kukichomoa; hadi diski ya aina ya SCSI, ambayo soketi yake haiingiliani na kitu chochote alichonacho kibandani.

“Hapa kuna mgonjwa,” alisema, akigusa chipu nene nyeusi iliyoandikwa Dallas.

Alikuwa sahihi, na hili ni la kukumbuka kwa yeyote atakayekutana na mashine hizi. Ndani ya chipu hiyo kuna betri iliyofungiwa humo humo tangu kiwandani, ya kudumu takriban miaka kumi. Ikifa, mashine inasahau saa, inasahau mipangilio yake, na Indy inasahau hata anwani yake ya mtandao. Kompyuta za Sun zina ugonjwa huo huo. Wengi hudhani kompyuta imekufa, kumbe imepoteza kumbukumbu tu. Mafundi hukwangua plastiki kwa uangalifu, wakazifikia nyaya za betri, wakapachika kwa lehemu betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Ni kazi ambayo fundi yeyote wa simu wa Mariakani anaiweza.

Ugonjwa wa pili ni skrini. Soketi ya nyuma ina mashimo ya aina ya 13W3, matatu makubwa na kumi madogo. Waya wa kawaida wa VGA hauingii. Hata ukipata adapta, skrini nyingi zitabaki nyeusi kwa sababu mashine hizi hupitisha mapigo ya kupanga picha ndani ya waya wa rangi ya kijani, na si kila skrini inayaelewa. Ugonjwa wa tatu ni plastiki. Imezeeka na hukatika kama biskuti, hivyo usitumie nguvu.

Pesa iko wapi?

Najua unachofikiria. Kijana wa mkokoteni naye alikiuliza: kuna chapaa?

Ipo, lakini si ya kuokota. Ng'ambo kuna watu wanaokusanya mashine hizi, na Indy inayofanya kazi huuzwa kwa mamia ya dola. Ila hiyo ni iliyojaribiwa, yenye kibodi na maus, iliyofungwa vizuri. Kuisafirisha kutoka Mombasa kunakula sehemu kubwa ya faida. Kwa hivyo usimkopee mtu kwa matumaini ya sanduku la buluu. Wakati mwingine kinacholipa ni vipande: RAM, kamera, kibodi, hata kile kifuniko.

Kuna wanaoshauri dhahabu. Ni kweli bodi na chipu za zamani zina dhahabu, chembe nyembamba mno juu ya miguu ya chipu. Kuitoa kunahitaji asidi kali, na moshi wake unachoma mapafu. Kuchoma nyaya ili upate shaba ndiko kubaya zaidi, maana plastiki ile ikiungua hutoa sumu inayobaki mwilini na kwenye udongo. Skrini za zamani za kioo kizito nazo zina madini ya risasi. Anayepiga nyundo ndiye anayevuta vumbi hilo.

Kwa hivyo, kabla ya nyundo, fanya mambo manne. Soma jina: ukiona Silicon Graphics, Sun, NeXT, au DEC, simama. Piga picha mbele, nyuma na kibandiko cha namba, kisha tafuta mtandaoni. Omba karatasi kutoka kwa aliyekupa, kwa sababu Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka wafanyabiashara wa skrapu wawe na leseni, na sote tunakumbuka serikali ilivyoifunga biashara hii kuanzia Januari hadi Mei 2022 baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Na ikiwa kweli imekufa, ipeleke kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki kama WEEE Centre ya Nairobi, badala ya kuichoma kando ya barabara.

Wewe usiye na sanduku lolote pia hujaachwa. Programu ya bure ya MAME inaweza kuigiza Indy ndani ya laptopu yako, na Unix ya leo, kuanzia Linux hadi NetBSD, inatumia amri nyingi zilezile.

Sauti

Jioni, dada fundi alisoma kibandiko cha nyuma kuona kama mashine inakubali volti zetu 240, akasafisha feni, akachomeka waya. Waya wenyewe ni ule ule wa kompyuta za kawaida. Hatukuwa na skrini ya kuiunganisha. Akabonyeza kitufe cha mbele.

Feni ikanguruma. Sekunde chache, kimya. Kisha kutoka kwenye spika ndogo ya ndani ukatoka mlio mfupi wa muziki, laini, kama mtu amepitisha vidole juu ya kinanda. Ndiyo salamu ya Indy ikijipima na kujiona ina uhai. Sijui ni miaka mingapi ilikuwa haijaitoa.

Kijana wa mkokoteni alicheka, akaizima, akaiwasha tena ili aisikie mara ya pili.

Hakuiuza siku hiyo. Alimrudishia mzee hela yake ya kilo saba, akaliacha sanduku kwenye rafu ya juu kibandani, juu ya makasha ya vioo vya simu, wakati tunatafuta adapta ya skrini. Asubuhi alirudi mtaani na mkokoteni wake kama kawaida. Ila sasa kuna kitu kipya anachofanya kabla ya kushika nyundo: anafuta vumbi na kusoma jina.